Mandolini ya zamani: angalia shingo kwanza, beyi baadaye

Watu wananitumia kwa WhatsApp picha za mandolini, kile chombo kidogo cha muziki kama gitaa, "yaya, nimepata mandolini ya antika, ya wakati ya Wabelgiji kabisa, muzee anaomba dola 200, nichukue?" na ukifungua picha unaona tu mgongo wa tumbo unaong'aa na maua ya sadafu kando ya tundu. Ile picha hainiambii kitu. Nitumie ya shingo, yenye umepiga kwa ubavu, ndiyo tutaongea.

Uzee peke yake haulipiwi. Zile za tumbo, zenye mgongo wa mviringo, za mtindo wa Napoli, Waitalia walizitengeneza kwa wingi sana mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, Napoli na Catania, na nyingi zilikuwa za beyi ya chini tu, kwa hiyo kufikisha miaka 100 hakuigeuzi kuwa dhahabu. Zenye watu wanalipia maelfu na maelfu ya dola ni chache, kama zile F-5 za kampuni ya Gibson ya Amerika, zenye fundi wao Lloyd Loar alitia saini kati ya 1922 na 1924, na hiyo hautaikuta soko ya Kenya, hapa kwetu Lubumbashi, samahani. Halafu soma etiketi ndani ya tundu, washa tochi ya simu. Muzee anaapa ni ya 1920 lakini ndani imeandikwa "Made in GDR", sasa Ujerumani Mashariki ilikuwako toka 1949 mpaka 1990, basi hapo tayari umejua namna ya kuongea beyi, kwa heshima lakini.

Sasa shingo. Ishike mandolini kama mutu anayelenga bunduki, jicho moja, angalia toka kwa funguo za kukazia nyuzi mpaka kwa mwili, nyuzi zikiwa zimekazwa, siyo zimelegea, juu nyuzi 8 za chuma zinavuta kilo 60 hivi ama kupita, na bila huo uzito shingo yoyote inaweza kukudanganya. Kisha bonyeza uzi kwa freti (vile vyuma vyenye vinakatisha shingo) ya kwanza na ya mwisho pamoja, uone katikati kumebakia nafasi gani. Nafasi ya karatasi, sawa. Ukiona mwanga mukubwa, shingo imejikunja, na mandolini nyingi za zamani hazina chuma ya kurekebisha ndani kama gitaa za leo, kwa hiyo hakuna ufunguo wa kuzungusha. Pale freti ya 12, urefu wa uzi toka juu ya freti ukiwa milimita 2 hivi ni raha, 3 vidole vitalia, ikipita 4 mimi naweka chini, nasema asante papa, naenda. Kuna watakaokuambia "tutapunguza tu shevale," ndiyo kile kijiti chenye kinabeba nyuzi juu ya mbao ya juu. Ukiikuta shevale imekwisha kupunguzwa mpaka iko kama biskuti na nyuzi bado ziko juu, ujue mwingine alishajaribu hiyo dawa mbele yako.

Mbao ya juu. Hapa wengi wanakimbia kitu kizuri bure. Ya tumbo iko na mukunjo kidogo nyuma ya shevale, upande wa mkia, huo ni wa kiwandani, walifanya makusudi ili mbao ivumilie nyuzi. Mubaya ni bonde kati ya tundu na shevale, pale mbao imeshuka, na mara nyingi ndani kuna kijiti cha kushikilia kimeachia. Gonga polepole na kidole sehemu zote, sikiliza kama kuna kitu kinalia trrr.

Nyufa nazo, usiogope kila ufa, hapa Lubumbashi kiangazi chetu kinakausha mbao vibaya sana, mandolini iliyokaa miaka mingi juu ya kabati bila ufa hata mumoja mimi naishuku zaidi, hasa kama verni inanuka mupya. Ufa wa kufuata nyuzi za mbao, uliofunga, si kitu. Ufa wenye kingo moja iko juu na ingine chini, ama vile vipande vya tumbo vimeachana, ni kazi ndefu. Na uliza nani aliitengeneza na kwa kole (gundi) gani. Kole ya zamani ya ngozi inafunguka kwa joto na maji, fundi anarudia kazi bila kuumiza mbao, lakini menizie (seremala) akishapaka aralditi, ile gundi ya kuchanganya, basi, hiyo imefungwa mpaka mwisho wa dunia, hata kama aliifunga vibaya.

Shevale ikiwa haiko mahali pake usilalamike, haijagundishwa, inasogea. Pima toka kile kijiti chenye nyuzi zinapitia pale shingo inakutana na kichwa mpaka freti ya 12, urefu uleule toka pale mpaka kwa shevale, sauti inarudi. Funguo zizungushe zote, moja ikivunjika kupata bati ingine la funguo lenye mashimo yanayolingana ni shida.

Juu ya nyuzi watu wanakata tamaa eti hapa haziko. Chukua paketi mbili za nyuzi za gitaa ya umeme zenye zimeandikwa 10 mpaka 46, ndiyo unene wake, tumia wa kwanza, wa pili, wa nne na wa tano, unapata jozi nne, kaza sol, re, la, mi, toka uzi nene mpaka nyembamba, kama violini. Kile kidude cha duara mwishoni kivunje na pensi (koleo) polepole, kinabakia kitanzi chenye kinaingia kwa ndoano. Kama ni ya tumbo na imezeeka, shusha zote toni moja, bado inaimba vizuri.

Beyi yangu mimi: ya tumbo, shingo nyoofu, bila bonde, naweza kufika dola 80. Shingo imepinda, hata na sadafu zote, dola 20, na hapo nanunua ya kupamba ukuta. Ile ya dola 200 muulize muzee akuruhusu kukaza nyuzi na kuiacha hivyo mpaka kesho yake. Akikataa, na hilo ni jibu.