Darubini ya kuwindia: lipia mwanga, usilipie ukubwa wa namba

Ndugu mleta mada, umeuliza ununue darubini ipi kwa msimu wako wa kwanza wa uwindaji wa wenyeji ukiwa na shilingi milioni moja na nusu, na umeeleza kuwa muuzaji mmoja anakusukumia 20x50 (inayokuza picha mara 20) kwa hoja kwamba ndiyo inayovuta mbali kuliko zote alizonazo dukani. Nimefanya kazi misimu minane nikiwa msaidizi wa mwindaji bingwa katika vitalu vya uwindaji vya upande wa Pori la Akiba la Rungwa, na kabla ya hapo nilinunua darubini yangu ya kwanza kwa hoja hiyo hiyo ya muuzaji wako, kwa hiyo nitakujibu kwa yaliyonikuta.

Yangu ilikuwa 12x50, nzito karibu kilo nzima, yenye vioo vya mbele vyekundu vilivyonivutia sana nilipoviona kabatini. Jioni moja ya Septemba, baada ya kufuata nyayo za mbogo tangu asubuhi, tuliwakuta wamesimama ndani ya kivuli cha kichaka kizito, hatua kama themanini mbele yetu, jua likiwa limeshazama nyuma ya miti. Mteja alikuwa ameshaegemeza bunduki kwenye fimbo tatu za kulengea. Nikatazama, nikaona mwili mweusi na pembe pana, nikanong'ona kwamba aliyetangulia ni dume. Mzee wetu mfuata nyayo, ambaye darubini yake ilikuwa 7x35 kuukuu iliyozungushiwa mpira wa tairi, akanigusa bega akasema, "Jike huyo, mwanangu. Tazama utosini." Akanipa yake. Dume aliyekomaa mashina ya pembe zake hunenepa na kukutana juu ya paji la uso kama kilemba kigumu. Yule alikuwa na mashina membamba na nafasi ya nywele katikati. Katika darubini yangu sehemu hiyo yote ilikuwa weusi mtupu.

Tangu siku ile naamini kwamba kazi kubwa ya darubini porini ni kukuzuia usipige. Kumwona mnyama, mfuata nyayo mzuri atakuonyesha kwa jicho tupu. Lakini leseni inapotaka dume, lazima uone utosi wa mbogo, au utofautishe palahala dume na jike, ambao wote wana pembe. Kwa wanaowinda simba jambo ni gumu zaidi, kwa sababu kanuni za Tanzania zinataka dume asiyepungua miaka 6, na mojawapo ya dalili zinazotazamwa ni pua, ambayo kwa simba kijana ni ya waridi na huzidi kuwa nyeusi kadiri umri unavyosogea. Rangi ya pua haisomeki kwa kuvuta mbali peke yake, inasomeka kwa picha kali yenye mwanga wa kutosha.

Sasa turudi kwenye namba. Ya kwanza ni mara ambazo picha inakuzwa, ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni mwako. 8x42 inatoa milimita 5.25, 10x42 inatoa 4.2, na ile 20x50 ya muuzaji wako inatoa 2.5 tu. Mchana kweupe mboni ya jicho imejikunja, hutaona tofauti kubwa, na ndiyo maana darubini mbovu hupendeza sana ukiijaribu mlangoni mwa duka saa sita. Jioni mboni hupanuka, kwa kijana ikafika hata milimita 7 na kwa mtu wa makamo takriban 5, na hapo duara la 2.5 linakuacha gizani.

Ukuzaji mkubwa una gharama nyingine ambazo hazimo kwenye karatasi ya bei. Kila mtetemo wa mkono unakuzwa pamoja na picha, na mtu aliyetoka kupanda kilima huku moyo ukimdunda hawezi kutuliza 12, sembuse 20. Mchana wa Oktoba mvuke wa joto unapopanda kutoka ardhini, unachokikuza ni mawimbi ya hewa. Isitoshe uwanja wa kuona unapungua: kwa umbali wa mita 1,000, 8x42 nyingi huonyesha upana wa mita 130 hivi na 10x42 mita 110, na ndani ya miombo, ambako mnyama huonekana vipande vipande kati ya mashina, upana huo ndio unaokuonyesha sikio linalopepea. Mimi ninatumia 8x42. Kama utawinda zaidi kwenye mbuga wazi kuliko msituni, 10x42 haina ubaya, lakini usipite hapo.

Utakutana pia na ushauri wa Kijerumani wa kununua 8x56. Ni ushauri mzuri kwao, kwa sababu wenzetu hao hukaa juu ya vichanja usiku wakisubiri nguruwe pori kwa mwanga wa mwezi. Huku kwetu kuwinda usiku hakuruhusiwi, na baada ya jua kuzama una kama dakika ishirini kabla ya giza kufunga. Kubeba chombo kizito siku nzima kwa ajili ya dakika hizo, wakati 42 inatosha, naona ni kujitesa.

Ukiwa dukani, vioo vyekundu viache papo hapo. Utando ule huurudisha mwanga mwekundu nje na kukuachia picha ya kijani-buluu iliyofifia, ilhali kiangazi cha miombo chote ni rangi za kahawia na hudhurungi unazozihitaji ili kumtenga mnyama na majani makavu. Darubini za kubadilisha ukuzaji, zilizoandikwa kwa mfano 10-30x50, nazo ziache. Kisha shika darubini urefu wa mkono mbali na uso, uielekeze kwenye anga nyeupe, utazame vile viduara viwili vya mwanga. Vikiwa mviringo kamili na safi, prizimu za ndani, yaani vioo vinavyopindisha mwanga, ni za kioo kizuri. Vikiwa na kingo za kijivu kana kwamba vimekatwa pembeni, sehemu ya mwanga inapotea njiani. Baada ya hapo tazama nguzo ya umeme au bati la mbali kwa dakika mbili mfululizo. Ukihisi macho yanavutwa, au ukiishusha kichwa kinauma, mapipa mawili ya darubini, la kushoto na la kulia, hayakulingana, na hakuna punguzo la bei linalofidia kasoro hiyo.

Kuhusu umbo, zile za zamani zenye mabega mapana hutoa picha nzuri kwa pesa kidogo, ila nyingi huingiza vumbi na maji. Zile nyembamba zenye mapipa yaliyonyooka ni imara zaidi, lakini muundo wake unadai utando maalumu juu ya prizimu wa kurekebisha awamu za mwanga, yaani mpangilio wa mawimbi yake, na za bei ya chini kabisa hukosa utando huo, ndipo picha inapokosa ukali. Uliza pia kama imejazwa gesi ya naitrojeni, kwa sababu isiyojazwa hufanya ukungu ndani alfajiri ya baridi, na ukiihifadhi Dar es Salaam ndani ya mkoba wa ngozi itaota kuvu kwenye lenzi. Kama unavaa miwani, hakikisha jicho linaweza kukaa milimita 16 au zaidi kutoka kwenye kioo na bado ukaona duara lote.

Zeiss, Leica na Swarovski zina sifa zinazostahili, lakini bei zake ziko mbali na fungu lako. Kwa milioni moja na nusu unapata 8x42 ya daraja la kati, mfano Nikon Monarch au Vortex, na itakutosha miaka mingi. Kipima umbali cha leza usikilipie. Mbogo humpigi mita 300. Afadhali ununue mikanda ya kifuani badala ya ule wa shingoni, na isiwe ya buluu wala nyeusi, kwa kuwa rangi hizo mbung'o anazipenda mno.

Ukishanunua, funga jicho la kulia, rekebisha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri, kisha funga la kushoto na uzungushe pete ya jicho la kulia kwa kitu hicho hicho. Weka alama ya plasta hapo ilipoishia. Wengi hulaumu darubini ambayo hawajawahi kuirekebisha. Ile 12x50 yangu niliirekebisha hivyo ikaboreka kidogo, lakini utosi wa mbogo kivulini haukuonekana kamwe, na hatimaye nilimpa shemeji yangu, ambaye huenda nayo uwanjani kutazama mpira.