Meko ya uani: mjue upepo kabla ya kumwita fundi

Wengi wanaojenga hapa Pemba siku hizi wanataka meko ya nje, yaliyojengwa kwa mawe na yenye dohani yake, watu wakae jioni wachome samaki. Sisi tunayo nyuma ya nyumba, Wete, na hatuyapumzishi: samaki, futari ya Ramadhani, hata sufuria la pilau likitokea jambo. Wageni wakiyaona huniuliza fundi ni nani na gharama kiasi gani. Natamani waanze na suala jengine: jirani yako ameezeka nini?

Cheche haina habari na mpaka wa kiwanja. Paa la makuti lililopigwa na jua la kiangazi linashika moto kwa kaa moja dogo, na nyumba zetu zimekaribiana. Kaskazi ikivuma, Disemba mpaka Machi, upepo unatoka kaskazini mashariki, na huo ndio wakati makuti yamekauka kabisa. Kwa hivyo banda la makuti lililo kusini magharibi ya moto wako ndilo lililo hatarini zaidi. Kusi ikiingia mambo yanageuka, moshi na cheche zinaelekea upande mwengine. Mtu anayechagua mahali kwa kuangalia upepo wa mwezi mmoja tu amechagua nusu. Mimi nilikuwa nikiwasha makumbi machache kwenye karai pale nilipopataka, nikitazama moshi unakwenda wapi, na sikuruhusu msingi uchimbwe mpaka nimeona kaskazi na kusi zote mbili. Meko yakahamia pembe ya pili ya ua, mbali na banda la bibi jirani yetu. Kama kiwanja chako ni kidogo na makuti yamekuzunguka pande zote, ushauri wangu ni kutojenga. Pikia jiko la makaa lenye mfuniko, inatosha.

Mahali pakishajulikana, nenda kwa sheha, kisha halmashauri au baraza la mji kwa ajili ya kibali, na uende na mchoro hata kama ni wa mkono. Ukiwa Mji Mkongwe, Unguja, kuna mamlaka maalumu ya hifadhi, na mji wenyewe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kwa hivyo usiguse ukuta kabla ya kuwauliza. Watu wa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi nao wanafaa kuombwa ushauri mapema. Na mwambie jirani. Moshi utakaokwenda kwake ni haki yake kuujua.

Sasa jiwe, na hapa ndipo nilipobishana na fundi wangu, mzee mwashi wa siku nyingi. Alitaka ajenge yote kwa mawe yetu ya matumbawe. Akaniambia, "Mwanangu, jiwe hili wazee wetu wamejengea ngome na misikiti." Nikamwambia, "Kweli mzee, lakini chokaa ya misikiti hiyo ilitoka wapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tanuni."

Basi ni hilo. Sote tumeliona tanu la chokaa: magogo yanapangwa, mawe ya matumbawe yanawekwa juu, yanachomwa, kisha yanamwagiwa maji yakawa unga. Joto linalohitajika ni kama nyuzi 900 za Selsiasi, na kiini cha makaa ya kuni kavu kinaweza kulikaribia. Ukilijengea jiwe hilo mahali moto unapoligusa, uso wake unageuka chokaa polepole, masika yakija linakunywa maji, linavimba, linamomonyoka. Jiwe lililonywea maji nalo likipata moto wa ghafla huweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa watu. Matumbawe yakae nje, kwa nguvu na uzuri. Ndani, moto unapopiga, weka matofali ya moto, yale yanayotengenezwa kwa ajili ya matanuri, hata kama yatasubiriwa meli. Yakikosekana kabisa, matofali ya udongo yaliyochomwa vizuri ni afadhali kuliko tofali la saruji. Na viungo vya ndani visiwe vya saruji ya kawaida, kwani hiyo hupoteza nguvu kwenye moto mkali. Tulitumia udongo wa kufinyangia vyungu, tukautia mchanga na vigae vya vyungu vilivyotwangwa, kwani vigae hupunguza kupasuka udongo unapokauka. Mchanga wa pwani usitiwe kwenye zege yenye nondo. Chumvi inaila nondo hiyo kimyakimya.

Vipimo nilivyompa mzee nilivitoa katika kanuni za ujenzi wa nyumba za Marekani, ambako dohani ni jambo la kila siku. Kwetu si sheria, anayekupa ruhusa ni halmashauri yako, lakini zimefikiriwa vizuri. Msingi uwe na unene wa sentimita 30 na utokeze sentimita 15 kila upande, maana dohani ni mzigo mzito. Njia ya moshi ikiwa ya mraba, eneo lake lisipungue moja ya kumi ya mdomo wa meko. Mdomo wetu una upana wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 60, yaani 4,800 za mraba, kwa hivyo tulihitaji 480, na njia ya 22 kwa 22 kwa ndani ikatosha. Ikiwa nyembamba kuliko hivyo moshi utarudi kwa wapishi. Kileleni, dohani ipite kwa sentimita 60 sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3 kutoka kwake. Mbao zisiiguse; ziachwe mbali kwa sentimita 5.

Juu kabisa weka kofia yenye wavu wa kuzuia cheche, matundu yawe kati ya milimita 10 na 13. Yakiwa makubwa cheche zinapita, yakiwa madogo masizi yanaziba. Nunua wavu wa chuma cha pua, kwani hewa ya bahari inaumaliza ule wa kawaida upesi. Mbele ya mdomo, sakafu isiyoungua itokeze angalau sentimita 40, na mimi ningeongeza kwa sababu watoto wetu hukaa hapo hapo.

Yakishajengwa yaache yakauke taratibu, kisha anza na moto wa vijiti tu, siku baada ya siku, ndipo uweke gogo. Kuni mbichi sizitaki kabisa: moshi wake unaganda ndani ya dohani kama lami, na lami hiyo siku moja inaweza kuwaka yenyewe humo humo ndani. Sisi tunasafisha kila mwaka kabla ya Ramadhani, kwa brashi ya waya iliyofungwa kwenye kamba.

Jivu ndilo linalodharauliwa. Makaa hukaa hai ndani yake hata zaidi ya siku moja, na mtu akilimwaga jaani penye makuti makavu, asubuhi anaitwa. Letu linatiwa kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, linamwagiwa maji, na ndoo inawekwa juu ya saruji, mbali na ukuta wa jikoni. Ndoo ya mchanga na pipa la maji vipo hatua chache kutoka kwenye meko, na hakuna anayeruhusiwa kuvichukua kwa kazi nyengine.