Pauni, kwacha na riyali: mshahara wa nani mkubwa?

Shikamoo. Ni mtumishi wa umma wa ngazi ya chini hapa Uyole, nalipwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Mdogo wangu anahudumia wazee London kwa pauni 12.21 kwa saa. Nyumbani wanasema ni tajiri anayetubania. Ni kweli?

Marahaba. Pauni 12.21 ndicho kima cha chini cha mtu mzima Uingereza cha kuanzia Aprili 2025 hadi Machi 2026. Akifanya kazi saa 37.5 kwa wiki, anapata kama pauni 1,984 kwa mwezi. Pauni ikiwa shilingi 3,300, hiyo ni zaidi ya milioni sita na nusu, na hapo ndipo hesabu ya ndugu wengi huishia. Lakini kodi ya mapato na mchango wa bima ya taifa vikishakatwa, mkononi zinabaki kama pauni 1,720. Wastani wa kodi ya nyumba ya kupanga London umepita pauni 2,000. Mshahara wote haulipi nyumba! Ndiyo maana wengi wa kipato chake hupanga chumba kimoja na kuchangia jiko na choo na watu wasiowajua.

Pimeni kwa saa za kazi. Wewe ukifanya kazi saa 45 kwa wiki, saa yako moja ni kama shilingi 2,560. Kilo ya mchele ukiinunua Mwanjelwa kwa 2,500, umeitolea karibu saa nzima. Mdogo wako, kilo ya mchele wa kawaida haimmalizii dakika kumi. Hapo amekuacha mbali. Njoo kwenye kunyoa: wewe ukilipa 2,000 hujamaliza saa, yeye akilipa pauni 15 ametoa saa moja na robo. Mchele na simu husafirishwa, kwa hiyo bei zake hazipishani sana kati ya nchi na nchi. Kinyozi, chumba na nauli ya bajaji havipandi meli. Bei zake hufuata mishahara ya mahali hapo.

Kwa hiyo ana nafuu kuliko wewe, lakini si nafuu ya mara kumi na tatu. Nawaomba sana wazazi na ndugu: kabla ya kumpangia mtu mchango wa msiba au ada, mwulizeni kwanza kinachobaki baada ya chumba, nauli na chakula. Nimeona undugu ukivunjika kwa sababu ya kuzidisha pauni kwa shilingi.

Hapa Tunduma kwacha moja ya Zambia inanunua shilingi nyingi, ila ya Malawi haifiki hata shilingi mbili. Basi Wazambia wametuzidi, na sisi tumewazidi Wamalawi?

Namba iliyo kwenye noti haisemi hivyo. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu, kwacha 1,000 za zamani zikawa 1 mpya. Hakuna mtu wa Nakonde aliyeamka tajiri asubuhi ile, maana mshahara na bei vilipungua pamoja. Kinachoumiza ni bei kupanda mshahara ukiwa umesimama. Novemba 2023 Malawi ilishusha thamani ya kwacha yake, bei ya dola ikapanda kwa asilimia 44. Mwenye mshahara alibaki na namba ileile huku bidhaa za kutoka nje, mafuta na mbolea zikiwemo, zikipanda. Tena Malawi kiwango cha kubadilisha fedha cha benki na cha mtaani vimeachana sana. Ukipima mshahara wa Mmalawi kwa kiwango cha benki, utamwona ana pesa kuliko alizonazo.

Dola 3 kwa siku za mstari wa umaskini ni shilingi ngapi?

Si dola 3 mara bei ya benki. Benki ya Dunia iliuweka mstari huo Juni 2025 kwa dola za uwezo wa kununua, za bei za mwaka 2021: bei za bidhaa zinazofanana hukusanywa nchi kwa nchi, kisha zinalinganishwa. Kwa Tanzania, shilingi zinazotoka ni chini ya nusu ya zile za bei ya benki. Ila ni wastani wa nchi nzima, hautofautishi Mafinga na Masaki.

Nipo Mafinga. Wakala ananiambia Qatar nitalipwa riyali 1,000. Niende?

Hicho ni kima cha chini cha huko tangu Machi 2021, kama dola 275. Sheria inaongeza riyali 500 za malazi na 300 za chakula pale mwajiri asipotoa vyenyewe. Mshahara haukatwi kodi ya mapato. Taka mkataba utaje malazi na chakula kwa maandishi. Visipotajwa, hiyo 1,000 italiwa hukohuko. Kisha gawanya deni la wakala kwa miezi ya mkataba, utoe fungu hilo kwenye mshahara wa kila mwezi. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha na kinachobaki mfukoni mwako Mafinga mwisho wa mwezi. Wakala akikataa kuandika, usiende, mwanangu.

Ni mwalimu Njombe, nimepata nafasi ya kuhamia Dar kwa mshahara uleule. Kuna faida?

Mafuta ya gari utayapata kwa bei ya chini, kwa kuwa bei kikomo za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huku juu hubeba gharama ya kuyatoa bandarini. Lakini chumba, viazi na maharage vitakugharimu zaidi, na asilimia 15 ya mkopo wa elimu ya juu, kama unadaiwa, itakatwa kokote uliko. Kwa mshahara huo pekee, mimi ningebaki Njombe.