Muulize Mwalimu wa Michezo: Migebuka Mitano na Miguu ya Lin Dan

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi pikipiki hapa Mwanga, Kigoma. Jioni tukishafunga banda, mimi na shemeji yangu huangalia mechi za zamani za badminton kwenye simu. Sasa tumekorofishana kuhusu Lin Dan wa China. Shemeji anashikilia kwamba aliisha kwenye Olimpiki ya Rio 2016 alipofungwa na Lee Chong Wei wa Malaysia, na yote yaliyofuata ni kujikokota na jina. Mimi nasema mtu aliyeisha hachukui Malaysia Open mwaka 2019 akiwa na miaka 35. Tumewekeana migebuka mitano. Nani alipe?

Marahaba, mwanangu. Kwa ugomvi mkubwa hivi migebuka mitano ni michache, lakini tuendelee.

Twende Rio kwanza, maana shemeji yako ndiko alikojenga nyumba yake. Nusu fainali ile Lin Dan alishinda seti ya kwanza 21-15, akapoteza ya pili 11-21, ya tatu akafungwa 20-22. Aliyeisha hafikishi 20-20 seti ya tatu mbele ya Lee Chong Wei. Halafu mwambie shemeji kitu kimoja ambacho naona kimempita: aliyeshinda siku ile ndiye aliyekuwa mzee. Lee alikuwa na miaka 33, Lin 32. Kama ni umri tu, mbona haukumgusa mwenye mingi?

Ila usishangilie bado. Mechi ninayotaka muiangalie tena siyo hiyo, ni ya kesho yake, ya kugombea shaba dhidi ya Viktor Axelsen wa Denmark, kijana wa miaka 22. Lin Dan akachukua seti ya kwanza 21-15 kama mtu anayefundisha. Ya pili akapata 10, ya tatu 17. Zimeni sauti ya simu, msitazame raketi, tazameni miguu yake tu, hasa ile hatua ya kwanza kila kinyoya, kile kipira chenye manyoya, kinapodokolewa karibu na neti. Seti ya kwanza mguu unaondoka kabla kinyoya hakijavuka. Seti ya tatu unasubiri kwanza kuona.

Hilo nalijua kwa goti langu mwenyewe. Nikiwa na miaka 39 nilikuwa nafundisha sekondari moja hapa Tabora, na badminton tulichezea bwaloni. Meza tunazisukumia ukutani, mistari tunaichora kwa chaki, na kwa kuwa madirisha mengi hayakuwa na vioo, ikifika Julai upepo unacheza pamoja nasi. Jumamosi moja nikawafunga vijana watatu wa kidato cha nne mfululizo. Nikatembea mpaka nyumbani chini ya miembe kama bwana harusi. Yule wa tatu, mpole sana, alikuwa ameniambia neno moja tu: "Mwalimu, turudiane kesho." Kesho yake hata ngazi tatu za bwalo nilizishuka kwa kushika ukuta. Alinifunga huku akiniomba radhi.

Kwa hiyo mkinionyesha mechi moja nzuri ya bingwa mwenye umri, sihesabu kitu. Nataka kuona siku ya nne na ya tano ya mashindano, na wiki inayofuata. Mkono hauzeeki haraka, wala jicho. Kinachokwenda kwanza ni kupona uchovu wa jana. Wewe fundi unaijua pikipiki ya namna hiyo: injini bado ina nguvu ya kupanda mlima na abiria wawili, lakini siyo kila asubuhi inawaka kwa kiki ya kwanza.

Sasa Malaysia, Aprili 2019. Fainali Lin Dan alikutana na Chen Long, mdogo wake kwa miaka mitano, bingwa wa Olimpiki wa Rio. Seti ya kwanza alichapwa 21-9. Nina hakika shemeji yako angezima simu hapo. Zilizofuata akashinda 21-17 na 21-11. Yule Lin Dan wa Beijing 2008, aliyemfunga Lee 21-12, 21-8 kwenye fainali ya Olimpiki, alikuwa akiruka kupiga smashi, lile pigo kali la kushusha, karibu kila kinyoya kirefu. Huyu wa 2019 anachagua. Anakishikilia kinyoya sekunde kidogo kwenye neti, mwenzake anahama, ndipo anakipeleka kwingine. Anamkimbiza mtu mwingine badala ya kukimbia yeye.

Lakini Agosti mwaka huohuo, mashindano ya dunia Basel, alitolewa raundi ya pili na Prannoy wa India. Julai 2020 akastaafu.

Hukumu: shemeji alipe. Kosa lake ni tarehe. Angesema makali yalikuwa yanakuja na kuondoka tangu Rio, ningekuhukumu wewe. Alipe minne, na wa tano, wa moshi, upande treni uje Tabora.

Mwalimu, mimi ni mama wa miaka 43, Isevya. Nilicheza shuleni, nimerudia uani na wanangu. Tumenunua vinyoya vya manyoya halisi, lakini kila nikipiga kinapita mstari wa nyuma, na vinakatika upesi. Ni mkono wangu?

Mkono wako hauna kesi, mama. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na joto linaipunguza uzito zaidi, hivyo kinyoya hakipati cha kukizuia. Tazama namba kwenye kopo. Kadiri ilivyo ndogo ndivyo kinyoya kilivyo cha polepole. Huku kwetu omba 75. Kukatika ni ukavu wa kiangazi. Usiku uliotangulia fungua kopo pande zote mbili, lishikilie juu ya mvuke wa sufuria kwa muda mfupi, lifunge, uliache mpaka kesho. Yale manyoya 16 yatalainika. Na msicheze siku mbili mfululizo, hata watoto wakikubembeleza. Wao ndio wale wa "turudiane kesho".

Lee Chong Wei aliwahi kuwa bingwa wa dunia? Jibu fupi tafadhali. Msomaji, Ujiji.

Hapana. Olimpiki nako medali tatu za fedha: 2008, 2012, 2016. Malaysia Open alichukua mara 12. Aliugua saratani ya pua mwaka 2018, akastaafu Juni 2019. Kuna siku nasema alikuwa mchezaji bora kuliko Lin Dan, lakini huwa nasema nikiwa peke yangu.