Captain Planet wangu alikuwa wa kijivu: ushauri kwa anayetaka kurudia katuni ya utotoni

Mpaka nafikisha miaka 38 nilikuwa najua Captain Planet, yule steringi wa katuni, ni wa kijivu. Sitanii. Tulikuwa kazini tunabishana habari za katuni za zamani, jamaa mmoja akasema "yule bwana mwenye nywele za kijani", mi nikamkatalia kabisa, kijani gani wewe, yule hana rangi, akatoa simu akanionyesha na ofisi nzima ikanicheka mpaka saa ya chakula. Nywele kijani kibichi, ngozi kama maji ya bahari, bukta nyekundu, gloves nyekundu, buti nyekundu. Mtu nimempenda miaka yote hiyo na sura yake siijui.

Ilikuwaje? Ni Tanga hiyo, mwaka 1995, mtaani kwetu TV moja tu, ya chogo, kwa mama mmoja ambaye mumewe alikuwa baharia. Baharia karudi na deki na kanda ambayo rafiki yake kule Marekani alimrekodia moja kwa moja kutoka kwenye televisheni, matangazo ya biashara yamo humo humo, tena mengine tuliyapenda kuliko katuni yenyewe. Sasa kanda za kule zilikuwa mfumo wa picha wa NTSC na TV za huku ni mfumo wa PAL, ile deki ilikuwa inazikubali zote mbili lakini TV ikagoma, kwahiyo picha inakuja safi ila rangi hakuna. Hayo nimeyajua ukubwani. Wakati ule tulijua ndivyo ilivyo, na kiingilio kilikuwa ndoo moja ya maji kutoka bombani, unamwaga kwenye pipa la mama mwenye nyumba ndo unaruhusiwa kukaa chini kwenye mkeka.

Basi baada ya kuchekwa nikasema ngoja niirudie yote. Nimefanya makosa mengi sana katika hiyo safari, na kwa kuwa naona watu wengi wa rika langu siku hizi wanarudia katuni zao, nikaona niandike ili usije ukaharibu cha kwako.

Kosa la kwanza, nilianza na episodi niliyoipenda kuliko zote. Usifanye hivyo! Ile uliyoipenda umeshaitengeneza upya kichwani mara mia, umeiongezea moshi, umeiongezea muziki, hakuna mchoraji duniani atakayekufikia. Mi nilikuwa nakumbuka vita moja ndefu kweli, steringi anapigwa, anaamka, anapigwa tena, nikaitafuta kwa bando langu la usiku, vita yenyewe haifiki dakika 2. Nikakaa natazama simu kama mtu aliyerudi kijijini akakuta mto aliokuwa anauogopa unavukwa kwa hatua mbili. Halafu wanarudia rudia, pale vijana wanaponyanyua pete na yeye anatokea ni picha zile zile karibu kila episodi, utotoni tulikuwa tunasimama kabisa kwenye mkeka na kupiga kelele, sasa hivi naisogeza mbele.

Kwa ambao hamkubahatika kuiona: katuni ilianza Septemba 1990, wazo ni la Ted Turner, yule yule aliyeanzisha CNN, akiwa na mama mmoja anaitwa Barbara Pyle, ikaenda mpaka 1996, episodi 113. Gaia, roho ya dunia, anawapa vijana watano pete. Kwame ana ardhi, Wheeler moto, Linka upepo, Gi maji, na Ma-Ti ana moyo. Wakiunganisha anatokea Captain Planet anapambana na wachafuzi wa mazingira, na yeye ukimmwagia uchafu anaishiwa nguvu. Stori ndo hiyo, kila siku.

Mtaani pete tulitengeneza kwa waya wa shaba tuliochuna kwenye nyaya za umeme mbovu. Moyo hakuna aliyeutaka. Moto ulikuwa unagombewa mpaka watu wanatoana damu, moyo anapewa mdogo kuliko wote au mgeni. Mimi nimekuwa moyo miezi mingi sana kwa sababu nilikuwa nimepungukiwa umri, mwili na ujanja kwa mpigo.

Kosa la pili, nilimkalisha binti yangu wa miaka 8 nikawa namweleza. Kila dakika "sasa angalia hapa", "huyu baadaye utaona". Mtoto akavumilia kidogo akaomba kwenda kunywa maji na hakurudi. Usimfanyie mwanao hivyo, na usitegemee aipende, yeye ana zake na miaka 30 ijayo atamchosha nazo mwanawe. Nilichofanya baadaye ni kuangalia mwenyewe sebuleni bila kumwita mtu, akaja mwenyewe akakaa, nikanyamaza. Na ndo akaniuliza swali ambalo mimi sikuwahi kujiuliza. "Baba, Kwame anatoka Afrika ya wapi?"

Aisee. Nikarudisha mwanzo tukasikiliza wote. Kwame, kutoka Afrika. Basi. Jina la Kwame kwa Waakan kule Ghana ni la mvulana aliyezaliwa Jumamosi, ungeweza kusema basi ni Mghana, lakini pale mwanzoni yeye ni wa "Afrika", kama vile tunashukia stendi moja wote. Nikataka kukasirika, nikagundua wenzake nao ni hivyo hivyo, Gi anatoka Asia, Ma-Ti Amerika Kusini, hata Wheeler ni Amerika Kaskazini. Aliyepewa nchi ni Linka peke yake, Umoja wa Kisovieti, na nchi yenyewe Desemba 1991 ikafa, wakalazimika kubadilisha maneno ya mwanzoni awe wa Ulaya Mashariki. Binti hakuelewa kwa nini nacheka.

Kwahiyo vitu kama hivyo utavikuta, jiandae navyo. Utakuta ubaguzi mdogo mdogo, utakuta lafudhi za ajabu, utakuta maadui wasioeleweka. Hapa kwenye maadui niseme kidogo. Sauti zao ni za watu wakubwa, Dr. Blight mwanzoni alikuwa Meg Ryan, Verminous Skumm yule mtu-panya alikuwa Jeff Goldblum, Sly Sludge ni Martin Sheen, waigizaji wa Hollywood kabisa wamekaa studio wanaigiza takataka, hiyo peke yake inafurahisha. Lakini hao maadui wanamwaga mafuta baharini kwa raha zao tu, wanacheka. Mi sijawahi kumwona mtu wa namna hiyo. Niliowaona ni sisi, mimi nikiwa kwenye basi naenda Dar nakula mahindi natupa mfuko dirishani bila kuwaza lolote, na mfuko wenyewe wa plastiki Watanzania tuliuita rambo, jina la steringi! Mpaka serikali ilipoipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019 nilikuwa nayo rundo chini ya sinki. Wale waandishi hawakuniweka kwenye katuni yao, nadhani waliona mtu wa kawaida na mfuko wake haogopeshi.

Sasa nije kwenye ushauri wenyewe, ambao ndo hasa umenifanya niandike haya yote. Tafuta episodi uliyoisahau. Ile iliyokuwa inakuchosha, ile mliyokuwa mnasema hii haina ngumi, isogeze. Anzia hapo.

Kwenye kanda yetu ilikuwepo moja ya namna hiyo. Lakini kwanza ujue sisi Kiingereza tulikuwa hatukijui hata kidogo. Aliyekuwa anatutafsiria ni mtoto wa pale nyumbani, nitamwita Kaka Sudi, yuko darasa la sita, anakaa kwenye kiti peke yake na rimoti mkononi, sisi mkekani, na anatafsiri kila kitu bila kusita. Ukubwani nimegundua alikuwa anatunga. Alituambia Wheeler na Linka ni ndugu, kumbe jamaa anamtongoza dada wa watu episodi nzima nzima. Alituambia Gaia ni bibi yao aliyezama na meli. Sikuona ubaya, tafsiri zake zingine ni nzuri kuliko katuni yenyewe.

Hiyo episodi ya kuchosha ilikuwa na kijana mcheza basketi. Kaka Sudi akatuambia huyu kijana amerogwa na yule mtu-panya, ndo maana watu wote wanamkimbia. Tukaridhika. Ngumi hazikuwepo za maana, tukaiangalia mara mbili tatu, baada ya hapo akawa anaisogeza.

Nimeirudia mwaka jana, usiku, watoto wamelala. Ni ya mwaka 1992, inaitwa A Formula for Hate. Yule kijana hajarogwa. Ana virusi vya UKIMWI. Skumm hamwagi sumu yoyote safari hii, anachofanya ni kueneza uongo, kwamba ukimgusa tu umeupata, na watu wanaamini, wanamtenga na yeye na mama yake. Sauti ya mama ni Elizabeth Taylor. Na Captain Planet, jitu la kuvunja milima, anasimama mbele za watu anawaeleza kwamba hauambukizwi kwa kuguswa. Hana wa kumpiga. Katuni ya watoto, 1992.

Mwaka huo huo wa kanda, 1995, mjomba wangu alikuwa amelala chumba cha uani kwetu. Alikuja kutoka Dar akiwa na begi moja, amekonda. Alikuwa na kikombe chake, cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, kinakaa dirishani kwake peke yake, hakichanganywi na vingine wakati wa kuosha, na sisi watoto tuliambiwa tusikiguse. Tukiuliza anaumwa nini, tunaambiwa amerogwa huko huko Dar na watu wa kazini kwake. Dawa za ARV kutolewa bure nchini ni mpaka 2004, yeye hakumaliza hata mwaka. Mi nilikuwa nampelekea chai mpaka mlangoni naweka chini narudi mbio. Dakika mbili kabla nilikuwa uani na pete ya waya kidoleni, naitwa moyo.

Sikuimaliza ile episodi usiku ule. Niliisimamisha nikaenda kukaa nje.

Kwahiyo nikisema anza na uliyoisahau simaanishi itakufurahisha. Namaanisha hiyo ndo bado mbichi, hujaishikashika, na maneno yake unayasikia kwa mara ya kwanza ukiwa na akili ya kuyaelewa. Chagua na muda wake, usiiangalie kwenye daladala kama nilivyofanya na nyingine, na usiangalie zaidi ya moja kwa siku, hazikutengenezwa kulishwa kwa mfululizo, ukizipanga tano utaona makosa tu.

Na kama yupo mliyeangalia naye, mtafute. Mi namba ya Kaka Sudi niliipata kwa dada yake, yuko Muscat siku hizi, anaendesha magari makubwa. Nikamtumia ile episodi bila maelezo yoyote. Zikapita siku mbili, akanirudishia sauti ya dakika 4, ya kwanza yote anacheka, ananiita mwizi wa ndoo kwa sababu eti nilikuwa nachota nusu, halafu akanyamaza kidogo, nikasikia indiketa ya gari inalia, akasema, "Dogo, Kiingereza changu kilikuwa good morning teacher. Mi nilikuwa natafsiri vile nilivyosikia wakubwa wanasema habari za mjomba wako."

Sijajua bado nimjibu nini zaidi ya kumtumia nyingine.

Kitu cha mwisho, kama unaweza, jaribu kuirudisha hali ile ile ya zamani. Ulikuwa unaangalia na karanga, nunua karanga. Ulikuwa unakaa chini, kaa chini, ila weka mto, magoti si yale. Mi Jumamosi iliyopita nimeingia kwenye setingi za TV nikashusha rangi mpaka sifuri, Captain Planet akarudi kuwa wa kijivu, nikamwona. Nywele nzito, kifua kipana, jamaa yangu kabisa. Nilikaa naye kama dakika tatu hivi ndo binti akapita kwenda jikoni, akasimama nyuma ya kochi, akapiga kelele, "Mamaaa, njoo uone, baba ameharibu TV."