"Fair enough" kwenye barua ya shukrani

Dada, kwenye hiyo barua yako ya Kiingereza ya kumshukuru bosi kwa kugawa posho sawasawa, ondoa "fair enough". Haimaanishi ametenda haki kabisa. Ni ya kukubali hoja ya mtu, hata kama roho haijaridhika. Bodaboda wa Majengo akikwambia UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) ni mbali, tena kuna mlima, hivyo nauli haipungui, ndipo unajibu "fair enough", yaani haya, nimekuelewa. Mara nyingi husimama peke yake, mdomoni zaidi kuliko kwenye barua. Ukiandika "the sharing was fair enough", inasomeka kama "si mbaya sana", na mabosi wa Dodoma tunawajua kwa kununa! Weka "very fair", inatosha.