Jibu: Kukata miti mpaka levo 99 bila kukinai

Ndugu yangu, umeuliza watu wanawezaje kukata miti kwenye gemu ya mtandaoni ya Old School RuneScape mpaka levo 99, ya juu kabisa, maana wewe uko 70 na tayari unasinzia mbele ya simu. Nakujibu kwa tulivyofanya mimi na wenzangu hapa Mombasa. Hiyo 99 ninayo, na niliifurahia.

Kwanza, ondoa macho kwenye 99. Inataka pointi 13,034,431, na nusu yake huipati mpaka ukaribie levo 92. Ukiwa unatazama namba hizo utavunjika moyo kila siku. Mimi nilikata miti ya yew kwa sababu binamu yangu wa Likoni alikuwa anapandisha ujuzi wa kutengeneza pinde. Akiingia usiku swali lake la kwanza ni, "Leo umeniwekea magogo mangapi?" Kujua kuna mtu anayangojea ndiko kulikonisukuma.

La pili ndilo kubwa: usikate peke yako. Umewaona kina mama wanavyochambua mchele wa harusi? Kila mmoja na sinia mapajani, vidole vinatoa chuya na vijiwe, midomo haifungwi: nani kaposa, nani kahamia Mtwapa. Gunia linakwisha bila mtu kuuliza limebaki kiasi gani. Nasi tulikata hivyo hivyo. Baada ya isha tunaingia Discord, programu ya kuzungumza kwa sauti mtandaoni, mmoja yuko Majengo, mwingine Kisauni, mwingine kazini kwake Doha, tunauzunguka mti mmoja na soga zinaendelea. Kuna habari za mtaani nilizipata kwenye mti kabla hazijafika nyumbani.

Na gemu yenyewe inakulipa kwa hilo. Tangu nyongeza ya Forestry ya 2023, mkikata mti mmoja kila mtu anaongezewa levo zisizoonekana za kumsaidia kukata, kadiri mlivyo wengi, mpaka 10, na mti hauanguki upesi kwa sababu mmejazana. Zamani mtu akija kwenye mti wako unanuna. Siku hizi unamwambia karibu. Halafu katikati ya kazi yanazuka mambo: mizizi inachomoza, mzinga wa nyuki unataka kujengwa, mbweha anatakiwa kuokolewa kwenye mitego. Mnakimbia wote, mnarudi, mazungumzo yanaendelea pale pale.

Sisi wa pwani hii tuna raha nyingine. Seva ziko mbali, na kwenye gemu za risasi unauawa kabla hujamwona aliyekupiga. RuneScape inakwenda kwa mapigo ya sekunde 0.6, kwa hiyo mtandao ukivuta kidogo huhisi kitu ukiwa kwenye mti.

Usikeshe. Gemu nyingine, World of Warcraft, kabla haijatoka 2004, ilijaribu kuwapunguzia pointi waliocheza muda mrefu, wakalalamika. Watengenezaji wakaigeuza: aliyepumzika apate mara mbili, akiendelea sana arudi kwenye kawaida. Hesabu ni ile ile, ila watu waliipenda. Jiwekee mpango kama huo. Ondoka ukiwa bado una hamu.

Programu za kukukatia usiziguse. Akaunti itafungiwa, na hata isipofungiwa, hiyo 99 itakuwa ya nani?

Kuhusu mti: siku gumzo limechangamka, kaa kwenye yew, haitaki kubonyeza sana. Siku hakuna mtu, nenda teak, inakwisha haraka na mikono inapata shughuli. Ukifika 90 hamia miti ya redwood kule Woodcutting Guild, uwanja wa wakata miti ndani ya gemu, hapo unaweza hata kupiga pasi huku unakata. Na kama miti imekukataa kabisa, iache kwa muda ukavue. Tempoross, pambano la uvuvi ndani ya gemu hiyo hiyo, inataka levo 35 ya uvuvi tu na huchezwa kwa timu. Wiki hii ndiko tuliko, tukianza baada ya isha. Niandikie jina lako la ndani ya gemu nikuongeze.